Maumivu ya Nyonga kwa Akina Mama: Tusisahau Misuli ya Chini



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tumezoea kuongea juu ya kofia, buti, vumbi la mawe, taa na baruti. Mambo hayo ni ya lazima, wala hatutayaacha. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao hauandikwi katika daftari la ajali za kazi, hata kama unavunja nguvu za nyumba nzima. Unampata mama kwenye njia ya maji, shambani, sokoni na kitandani mwa uzazi. Ugonjwa huo ni maumivu ya nyonga.

Mama anafika dispanseri akitembea upande. Anasema nyonga inamuuma tangu miezi mingi: akipanda mlima inauma, akilala upande ule inauma, akikaa chini kuchambua sombe halafu akataka kusimama inamkata. Amekwisha kumeza Indocid na vidonge vingine vya sokoni. Amechanjwa chale. Mmoja amemwambia ni baridi, mwingine amemwambia jirani amemtupia kitu. Ukimwuliza kwa upole kama mkojo unamtoroka akikohoa au akibeba bidoni, ananyamaza kwanza, halafu anajibu kwa sauti ndogo: ndiyo, tangu mtoto wa tatu. Kwake yeye hayo ni mambo mawili: la nyonga anaweza kulisema, la mkojo ni la aibu. Lakini mara nyingi mambo hayo mawili yanatoka pahali pamoja. Leo tutaeleza sababu gani, na jambo gani mama anaweza kufanya bila kutoa hata franka moja.

NYONGA IMEJENGWA NAMNA GANI?

Mifupa ya nyonga inafanana na beseni lisilokuwa na chini. Mbele kuna mfupa wa kinena. Nyuma, mwisho kabisa wa uti wa mgongo, kuna kifandugu. Kila upande kuna kikombe ambamo kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka. Hicho ndicho kiungo cha nyonga.

Beseni hilo halikuachwa wazi. Chini yake kumetandikwa misuli, toka kinena mpaka kifandugu, na toka ukuta wa kushoto mpaka ukuta wa kuume. Ndiyo tunayoiita misuli ya chini ya nyonga. Inabeba kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa. Inafunga na kufungua njia zao. Wanaume pia wanayo, lakini kwa mwanamke inafanya kazi kubwa zaidi, maana mtoto anapita katikati yake.

Ninyi mnaokaa Kalundu, Makobola, Swima au Baraka mmeona namna wavuvi wa ndagala wanavyofanya usiku. Wanaunganisha vyombo kwa miti, wanawasha taa, na wavu mkubwa unashuka chini yake. Wavu ule umefungwa kwenye miti. Ukijaa na kuwa mzito, miti inavutwa na vyombo vinalala upande. Ukivutwa vibaya upande mmoja, wavu wote unakaa vibaya.

Ni hivyo hivyo kwa misuli ya chini. Kila upande, ndani ya ukuta wa beseni, kuna msuli mwingine mpana. Huo ni msuli wa nyonga yenyewe. Unaanzia ndani, unakata kona nyuma ya mfupa tunaokalia, na unakwenda kushika juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuzungusha paja kwa nje na kusaidia kichwa cha paja kikae vizuri katika kikombe chake. Sasa angalieni jambo hili: sehemu kubwa ya misuli ya chini imejishikiza kwenye utando mgumu unaofunika msuli huo huo. Yaani msuli unaobeba mfuko wa uzazi na msuli unaoongoza paja wana ukuta mmoja. Tena mshipa wa fahamu unaohudumia sehemu za siri unapita ndani ya utando huo.

Ndiyo maana ubaya wa mmoja unafika kwa mwenzake. Misuli ya chini ikichoka au ikijikaza, nyonga, makalio, kinena na hata kiuno vinaweza kuuma. Na kiungo cha nyonga kikiwa na ubaya, misuli ya chini nayo inaweza kuharibika. Waganga wanaofanya upasuaji wa kiungo cha nyonga wameona kwamba kwa akina mama wengine, baada ya nyonga kutengenezwa, hata mkojo uliokuwa ukitoroka ulipungua.

Wachimbaji wataelewa mara moja. Nguzo moja ya mgodini ikilegea, mlima hauanguki siku ile. Nguzo za jirani zinachukua mzigo wake. Zinalia, zinapinda, na mtu anaweza kufikiri kwamba ubaya uko kwenye ile inayolia, kumbe uko kwenye ile iliyolegea.

UBAYA UKO NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni misuli iliyolegea. Imevutwa sana wakati wa mimba na uzazi, au imechoka kwa mizigo, au mwili umekwenda katika umri na hedhi imekoma. Mama anaona alama hizi:
— mkojo unatoroka akikohoa, akipiga chafya, akicheka au akiinua kitu;
— anasikia uzito chini, kama kitu kinataka kutoka;
— hewa inamtoka bila yeye kutaka;
— mgongo na nyonga vinachoka kabla ya jioni, zaidi siku ya mizigo.

Namna ya pili ni misuli iliyojikaza na isiyojua tena kulegea. Watu wengi hawaijui hii. Msuli unaokaa umekazwa usiku na mchana unauma, kama mkono wa mtu aliyeshika nyundo siku nzima bila kuiachia. Alama zake ni hizi:
— maumivu ndani ya nyonga, kwenye makalio, kinena au kifandugu, zaidi akikaa muda mrefu;
— maumivu wakati wa tendo la ndoa;
— mkojo unachelewa kuanza, au anakwenda kukojoa mara kwa mara na unatoka kidogo kidogo;
— haja kubwa ngumu, anajisukuma sana.

Mama mmoja anaweza kuwa na namna zote mbili pamoja. Msuli uliojikaza wakati wote unachoka, na msuli uliochoka hauwezi kuzuia mkojo. Kwa hiyo si kila mama ambaye mkojo unamtoroka anapaswa kuambiwa «kaza, kaza». Mwingine anapaswa kwanza kufundishwa kulegeza.

UBAYA HUO UNATOKA WAPI?

1. Mimba na uzazi. Katika mimba mwili unalegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, na tumbo linakuwa zito mwezi kwa mwezi. Wakati wa kuzaa misuli inavutwa sana na inaweza kupasuka. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2013–2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo anazaa kwa wastani watoto 6.6. Kazi hiyo misuli ya chini inaifanya mara nyingi, tena pengine bila kupata nafasi ya kupona kati ya mtoto mmoja na mwingine. Hata mama aliyepasuliwa hayuko salama kabisa, kwa sababu alibeba mimba miezi tisa.

2. Mizigo. Tufanye hesabu. Bidoni ya litri 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Mama akienda kwenye bomba au mtoni mara 4 kwa siku, amebeba kilo 80. Kwa siku 7 ni kilo 560, zaidi ya nusu tani! Na hapo hatujahesabu kuni, makala kutoka milimani, muhogo kutoka bonde la Ruzizi, na mtoto mgongoni. Kila mara anapoinua, anafunga pumzi, na tumbo linasukuma misuli ya chini kwa nguvu.

3. Kazi ya mawe. Tunawafikiria pia wale mama wanaotwanga mawe ya dhahabu, ambao kule Kamituga wanaitwa «mama twangaises». Wanakaa chini saa nyingi, wanapiga kwa mikono miwili, na wanavuta vumbi. Vumbi linaleta kikohozi, na kila kikohozi ni pigo kwa misuli ya chini.

4. Kikohozi na haja ngumu. Moshi wa jikoni, vumbi na kifua kikuu vinaleta kikohozi kisichokoma. Mtu aliyekohoa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi. Na yule anayejisukuma kila siku chooni anasukuma chini misuli ile ile.

5. Hofu na mateso. Msuli unajikaza mtu anapoogopa. Katika eneo letu akina mama wengi wamepita katika vita, na wengine walifanyiwa mambo ambayo hatupendi kuyaandika. Mwili unaweza kuendelea kujifunga miaka mingi baada ya hatari kupita. Hiyo si laana wala uvivu, nayo ina matibabu. Mama wa namna hiyo asilazimishwe kupimwa ndani wala kusimulia. Apokelewe kwa heshima, na kama anataka, ahudumiwe na mganga mwanamke.

SI KILA NYONGA INAYOUMA NI MISULI YA CHINI

Tusikosee upande mwingine. Nyonga inaweza kuuma kwa sababu nyingine, na nyingine ni za haraka. Usikae nyumbani na mazoezi, njoo dispanseri au nenda hospitali, kama unaona alama moja ya hizi:
— maumivu pamoja na homa, au kupungua mwili na kutoka jasho usiku (kifua kikuu kinaweza kuingia hata katika kiungo cha nyonga);
— maumivu makali ya tumbo la chini upande mmoja na hedhi imechelewa, au kizunguzungu (mimba inaweza kuwa nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inaua);
— umeanguka na huwezi kukanyaga chini;
— mguu umekufa ganzi au umekosa nguvu, au sehemu za siri hazisikii, au mkojo umegoma kabisa;
— mguu mmoja umevimba na unauma, zaidi katika mimba au baada ya kuzaa;
— uchafu wenye harufu mbaya, au damu isiyo ya hedhi;
— mtu mwenye ugonjwa wa damu wa selimundu ambaye nyonga imeanza kumuuma: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa;
— mtoto anayechechemea. Mtoto hasubiri.

Tena tutofautishe jambo moja kubwa. Mkojo unaotoroka kidogo wakati wa kukohoa ni misuli. Lakini mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kukoma, zaidi baada ya uzazi uliokawia, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Fistula ya zamani haifungwi na mazoezi, inafungwa na upasuaji. Kama uzazi ulikuwa juzi juzi, fika hospitali haraka, maana tundu dogo linaweza kufunga kwa mpira wa mkojo tu. Hospitali ya Panzi huko Bukavu inajulikana duniani kote kwa kazi hiyo. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dokta Denis Mukwege, ambaye mbele yake alikuwa akiongoza hospitali ya Lemera, hapa hapa katika teritware ya Uvira, mpaka ilipovamiwa katika vita ya mwaka 1996. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Basi, mama asifichwe nyumbani kwa sababu ya harufu. Apelekwe akatibiwe.

MAMBO TUNAYOOMBA MUYAACHE

Acheni kumeza vidonge vya maumivu siku hata siku. Indocid, diclofenac na ndugu zao vinapunguza maumivu, lakini havifundishi msuli kazi yake. Vikiendelea vinachoma tumbo mpaka kutoa damu, na vinaweza kuharibu figo. Mama mwenye mimba asivimeze bila ruhusa ya mganga, hasa mimba ikipita miezi 5: vinaweza kuumiza figo na moyo wa mtoto.

Acheni kuacha kunywa maji kwa kuogopa mkojo. Katika joto hili la kando ya ziwa, mkojo unakuwa mkali, unachoma kibofu, na haja kubwa inakuwa ngumu. Kunyweni maji, lakini yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, maana kipindupindu hakijatuacha.

Acheni kumfunga mama mzazi tumbo kwa kitenge kwa nguvu nyingi. Kufunga kidogo kwa kumsaidia kutembea si kubaya. Kukaza mpaka anashindwa kupumua kunasukuma mfuko wa uzazi chini.

Acheni kuzuia mkojo kila siku katikati ya kukojoa kwa kujizoeza. Kibofu kinajifunza vibaya na kinaacha mkojo ndani.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Mwaka 1948 munganga mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kwamba misuli ya chini inaweza kuzoezwa kama misuli ya mkono. Tangu wakati ule njia hiyo imeenea katika nchi nyingi. Mkeka na robo saa vinatosha.

Zoezi la 1: Kupumua na kulegeza. Lala chali, kunja magoti, weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa polepole kwa pua mpaka tumbo linyanyue mkono. Wakati huo sikia sehemu ya chini ikishuka na kufunguka. Toa hewa polepole kwa mdomo. Fanya mara 10. Kila mama aanze na hili. Yule mwenye alama za misuli iliyojikaza abaki hapa wiki nyingi, asikimbilie kukaza.

Zoezi la 2: Kuvuta magoti. Ukiwa bado chali, vuta magoti mawili kuelekea kifua, yaachane kidogo, shika kwa mikono na upumue mara 5. Nyonga na misuli ya chini vinanyooka. Mama mwenye mimba kubwa aache zoezi hili.

Zoezi la 3: Kukaza na kuachia. Fikiri uko kati ya wageni na hutaki hewa ikutoke. Vuta juu na ndani sehemu ya nyuma, halafu ya mbele, kama unanyanyua punje ya haragi. Tumbo, mapaja na makalio visikaze, na pumzi isifungwe. Shika ukihesabu mpaka 5, halafu achia kabisa ukihesabu mpaka 5. Kuachia ni nusu ya kazi. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Ukizoea, hesabu mpaka 10. Kama maumivu yanaongezeka, acha, rudi kwa zoezi la 1 na uje tukuangalie.

Zoezi la 4: Kufungua goti. Lala upande, magoti yamekunjwa, nyayo pamoja. Nyanyua goti la juu bila kugeuza kiuno na bila kuachanisha nyayo. Shusha polepole. Mara 10 kila upande. Hili linatia nguvu misuli inayozungusha paja, ile yenye ukuta mmoja na misuli ya chini.

Zoezi la 5: Daraja. Lala chali, magoti yamekunjwa. Toa hewa, kaza misuli ya chini kidogo, halafu nyanyua makalio toka mkekani. Shusha polepole. Mara 10.

Mama asitazamie ajabu kwa siku 3. Msuli unajengwa polepole. Afanye miezi 3 bila kuacha, ndipo apime. Aliyezaa anaweza kuanza zoezi la 1 siku za kwanza, na kukaza kidogo kidogo wakati maumivu yamepungua. Aliyeshonwa au kupasuliwa aulize kwanza.

KUBEBA KWA AKILI

1. Karibia mzigo, kunja magoti, mgongo usiinamishwe kama upinde.
2. Kabla ya kunyanyua, kaza misuli ya chini.
3. Toa hewa wakati unanyanyua. Usifunge pumzi.
4. Mtu wa pili akusaidie kutwika na kutua. Kutwika peke yako ndipo hatari kubwa iko.
5. Bidoni mbili za litri 10 katika safari mbili ni bora kuliko moja ya litri 20 kwa mama aliyezaa juzi.
6. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kaza kwanza.

Mama aliyezaa asibebe mzigo unaopita uzito wa mtoto wake kwa wiki 6 za kwanza. Na wiki ya 6 arudi kupimwa, hata kama anajisikia vizuri. Wengi wanaleta mtoto tu kwa chanjo, wenyewe hawaangaliwi. Siku ile semeni habari ya mkojo na ya nyonga bila kungoja kuulizwa.

NENO KWA MABWANA

Ndugu wachimbaji, kazini hamkubali mtu mmoja anyanyue peke yake mti wa nguzo. Mnaitana, mnahesabu, mnanyanyua pamoja. Fanyeni hivyo nyumbani. Bwana mwenye kinga anaweza kuleta bidoni mbili kabla ya kwenda kazi, na vijana wa kiume wa nyumba nao wana mikono. Kubeba maji hakumpunguzii mtu uanaume wake.

Kama mke anasema tendo la ndoa linamuuma, si kwamba amekuchoka au ana mwingine. Msuli wenye maumivu unajifunga. Ukimlazimisha, unajifunga zaidi. Mngoje, na mje dispanseri ninyi wawili. Ndoa zimevunjika kwa jambo ambalo mazoezi na subira vingeweza kulitengeneza.

Kwa dada zetu wenye mkataba wa kazi: sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama mzazi wiki 14 za mapumziko. Zichukueni zote, ndizo wiki ambazo misuli inapona.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, ni uzee tu? Hapana. Umri unasaidia ubaya, lakini hata msichana asiyezaa anaweza kuumwa hivyo, na bibi mwenye wajukuu anaweza kupata nafuu akifanya mazoezi.

Je, uzazi wa mpango unaingia hapa? Ndiyo. Misuli inapata nafasi ya kupona mama akipumzika angalau miaka 2 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Njia ziko kwenye kituo cha afya. Njoni bwana na bibi muulize.

Je, kukaa juu ya maji ya moto kunasaidia? Maji ya uvuguvugu yanaweza kulegeza misuli iliyojikaza na kutuliza maumivu. Maji ya moto sana na majani ya kuingiza ndani yanaunguza na kuleta ugonjwa. Msifanye hivyo.

Nikisikia kitu kinatoka chini? Mfuko wa uzazi unaweza kushuka. Njoo upimwe. Ukishuka kidogo, mazoezi yanasaidia. Kuna pia pete ya kuushikilia, na ukishuka sana kuna upasuaji.

Chakula gani? Lenga-lenga, maharagi, papai na avoka vinalainisha haja kubwa. Uzito wa mwili ukizidi, punguzeni kidogo, misuli itapumua.

KWA KUMALIZIA

Mama ambaye nyonga inamuuma ajiulize maswali matatu: Je, mkojo unanitoroka au unagoma? Je, nasikia uzito au maumivu chini? Je, tendo la ndoa linaniuma? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, aje alisema pamoja na nyonga, asilifiche. Tutampima, tutatafuta kwanza zile alama za hatari, tutamwonyesha mazoezi yanayofaa namna yake, na ikihitajika tutamwandikia karatasi ya kwenda Hospitali Kuu ya Uvira au Bukavu. Yanayosemwa dispanseri yanabaki dispanseri.

Na ninyi mabwana, mkimaliza kusoma ukurasa huu, msiufungie samaki. Upelekeni nyumbani, na kama mama hasomi, msomeeni.